Kizibo Alichokaza Baba

Mafuta ya gia yananuka kama yai viza lililochanganywa na njiti ya kiberiti iliyoungua, na ukweli wa Mungu ni kwamba mimi nikiyanusa nasikia njaa. Najua si jambo la kujisifia. Juzi nilipeleka gari langu kwa fundi, akafungua kopo, nami nikajikuta nameza mate na kutafuta kikombe cha uji kwa macho. Yule kijana akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama kabisa, ila nimelikumbuka birika la mama yangu na asubuhi ile lilipojazwa mafuta hayo huku bibi harusi akingoja.

Wacha niwasimulie mimi, maana wengi waliokuwepo wametangulia, na waliobaki wanaisimulia vibaya.

Tulikaa Sarang'ombe, Kibera, miaka ile ya sabini, chumba kimoja cha udongo na mabati. Mama aliuza uji kule Lindi, kijiji cha pili humo humo Kibera, akiwawahi vibarua kabla hawajaenda kazini. Baba alikuwa fundi wa magari kwenye gereji ya tajiri mmoja, na hakuwa fundi wa kubahatisha. Jumapili baada ya kanisa vijana walikuja kukaa juu ya mawe mlangoni petu awafundishe, na somo la kwanza lilikuwa lile lile siku zote. Giaboksi, aliwaambia, ina vizibo viwili. Kimoja kiko chini, cha kumwagia mafuta machafu. Kingine kiko juu yake, ubavuni, cha kujazia mapya. "Kabla hujafungua cha chini, fungua cha juu. Kabla hujamwaga, hakikisha utajaza." Fundi anayemwaga kwanza, halafu cha ubavuni kikamkatalia, amebaki na gari lenye tumbo tupu na mdomo uliofungwa. Maneno hayo niliyajua kwa moyo kabla sijajua kuhesabu hadi mia.

Pale nyumbani alikuwepo pia Shangazi Naliaka, dada mdogo wa Baba. Mama yao alifariki huko Bungoma Naliaka akiwa na miaka minne, na Baba, kijana ambaye hata mke hakuwa naye, akamchukua akaja naye Nairobi. Mama alipoolewa alimkuta mwanamume anayemsuka mtoto nywele kwa vidole vyenye mafuta ya gia, mistari imepinda kila upande. Shuleni wenzake walimwita Lori kwa sababu ya harufu. Shangazi mwenyewe alitusimulia hayo akicheka hadi machozi, kisha akamtazama Baba kwa namna ambayo sikuielewa.

Sasa Shangazi akapata mchumba, Wafula, fundi cherehani wa Kawangware. Baba hakuwa na neno baya la kusema juu ya Wafula, na hilo lilimuudhi sana. Alimtafutia kasoro miezi mitatu akaambulia moja tu, kwamba vidole vyake ni vyembamba. "Mwanaume wa sindano," alinung'unika. "Ataweza kuinua nini?"

"Atainua sindano," Mama alimjibu. "Wewe mwache."

Harusi ikapangwa Jumamosi, saa nne asubuhi, kanisani Kawangware. Mchungaji alionya mapema kwamba saa tano ana harusi nyingine na hangojei mtu. Ulikuwa mwezi wa nne, mvua inamwagika kila siku, na kijia chetu kilikuwa tope la kufika magotini. Lakini Baba alikuwa ameapa mbele ya wakwe kwamba dada yake hatakanyaga tope, atafika kwa Landrova. Tajiri wake alikubali kumwazima, kwa sharti moja: kabla ya kuliingiza gari kwenye tope hilo, Baba abadilishe mafuta ya gia.

Landrova ilifika Alhamisi. Alhamisi hiyo Baba akasema amechoka. Ijumaa akasema kuna manyunyu. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akina mama wa kumsindikiza bibi harusi wakiwa wameshaanza kuimba, Baba akavaa ovaroli na kuingia chini ya gari.

Mimi nilikuwa na miaka minane. Niliketi juu ya jiwe na kikombe changu cha uji, mahali pazuri kabisa pa kuona kila kitu. Jirani yetu Baba Achieng, seremala Mjaluo aliyetengeneza vitanda, naye akaja na kiti chake kama mtu aliyelipa kiingilio. Baba akasukuma karai la Mama chini ya giaboksi, akashika spana, akaenda moja kwa moja kwenye kizibo cha chini.

Nilisimamisha kikombe njiani. Hata mimi nilijua hivyo sivyo.

"Omera, ndugu yangu," Baba Achieng akasema, "hiyo ya juu umejaribu?"

"Wewe shughulika na vitanda."

"Sawa. Mimi ni mtu ya vitanda tu. Lakini sijawahi kutupa godoro ya zamani kabla niione ingine."

Kizibo cha chini kikatoka bila shida. Mafuta yakashuka meusi, mazito, yakajaa karai. Kisha Baba akahamia ubavuni, akaweka spana kwenye kizibo cha juu, akavuta. Spana ikateleza, akajigonga ngumi kwenye chesisi, akasema neno la Kibukusu ambalo akina mama walijifanya hawakulisikia.

Akamimina mafuta ya taa, akangoja, akavuta. Wapi. Akapiga kwa nyundo, akavuta. Kichwa cha kizibo, kilichokuwa na pembe nne, kikaanza kuwa mviringo. Saa mbili ikapita. Akaazima patasi ya Baba Achieng. Baba Achieng alimsihi kwamba patasi hiyo ni ya mbao, imezoea mambo laini, lakini akaitoa. Pigo la tatu ikakatika ncha. Baba Achieng aliokota kile kipande, akakifuta, akakitia mfukoni.

"Nani huyu mjinga alifunga hii kitu?" Baba akapiga kelele kutoka chini ya gari. Nyimbo zikasita. "Nauliza, ni nani? Huyo mtu alikuwa na akili kweli?"

Mimi shuleni nilifundishwa kwamba mwalimu akiuliza swali na unalijua jibu, unanyoosha mkono. Nikanyoosha.

"Ni wewe, Baba. Wakati wa Krismasi, ulipoleta hii gari hapa. Uliingiza spana kwa bomba ndefu, ukaning'inia na miguu yote, ukasema hapa hakuna mwanaume atafungua."

Baba Achieng alijaribu kujizuia, nampa haki yake, alijaribu sana, lakini mabega yalianza kutikisika, akashika madigadi asianguke. "Ni ukweli," akasema akifuta macho. "Mpaka sasa hakuna mwanaume amefungua!" Mtaa mzima ukapasuka. Mmoja wa akina mama akasema mganga hajigangi, mwingine akasema hata mgonjwa amechoka kungoja.

Ila ndani ya nyumba hapakuwa na kicheko. Shangazi Naliaka alikuwa amekaa kitandani na gauni lake jeupe, miguu juu ya stuli isiguse sakafu yenye unyevu. Kila mara nyundo iliponyamaza aliuliza dirishani, "Imefunguka?" na kila mara sauti ilikuwa ndogo zaidi. Ilipogonga saa tatu alisema, "Kama inakataa nitaenda na miguu. Viatu nitabeba." Akina mama wakasema asithubutu, wakwe watamcheka hadi wajukuu. Akasema afadhali acheke mtu kuliko mchungaji aondoke. Nilimhurumia hadi uji ukanishinda kumaliza.

Hapo ndipo Mama alipotoka jikoni na mwiko mkononi. Aliitazama Landrova, akafungua mlango, akachungulia ndani, akashika fimbo ya gia.

"Baba Nekesa. Hii fimbo inaingia wapi?"

"Inaingia kwa giaboksi."

"Kama fimbo inaingia, mafuta itakosa kuingia?"

"Haifanywi hivyo," Baba akasema.

"Na hii yako inafanywa hivi?"

Baba Achieng aliinama, akaingiza mkono chini ya gari, akatia kidole kwenye tundu la kumwagia. Kidole kikatoka kikavu. Alituonyesha sote, mmoja mmoja. "Imekauka kama koo ya mlevi Jumapili asubuhi. Haina tone hata moja. Mama Nekesa, nywesha huyu mtoto."

Lakini kwanza ilibidi kizibo cha chini kirudishwe, la sivyo tungekuwa tunajaza barabara. Baba akakichukua, akakifuta, akaingia nacho chini. Kazi ya dakika mbili. Akakaa huko muda mrefu sana. Mama akachuchumaa karibu na viatu vyake, akaongea polepole, na mimi nilisikia kwa sababu jiwe langu lilikuwa karibu.

"Atakuwa anakuja kutusalimia," alisema. "Kawangware si Uganda."

Baadaye Baba alijivuta nje, macho mekundu, akijifuta kwa mkono wa ovaroli. "Mafuta imeniingia macho," akasema, bila kuulizwa. Mama akampa pindo la leso yake akajifutia.

Basi Mama akapasha mafuta mapya kwenye sufuria juu ya makaa, maana yalikuwa mazito hayamiminiki, akayakoroga kwa mwiko kama kawaida yake, kisha akayatia kwenye birika lake kubwa la biashara. Baba akafungua boliti za kitako cha gia, akaing'oa fimbo yote. Mama akapanda ndani ya Landrova na leso kiunoni, akamimina kwenye lile tundu, pole pole, bila kumwaga tone, mkono mmoja umeshika mfuniko. Kiasi Baba alikijua kwa kichwa. "Bado," alisema. "Bado. Ongeza kidogo." Mama akauliza kama atie sukari.

Ilikuwa saa nne kasoro robo injini ilipowaka. Shangazi alibebwa kutoka mlangoni hadi kwenye gari, na aliyembeba ni Baba, koti la suti limevaliwa haraka juu ya ovaroli. Tulivuka matope tukiteleza huku na huku, akina mama sita nyuma wakiimba na kupiga mayowe, mimi nikiwa magotini mwa Baba Achieng. Tulifika Kawangware saa nne na dakika ishirini. Mchungaji alikuwa mlangoni anatazama saa yake. Wafula alikuwa nyuma yake, amekonda zaidi kuliko nilivyomkumbuka.

Shangazi aliposhuka tuliona mkono wa gauni una alama nyeusi za vidole vitano, vidole vya Baba. Wafula aliinama akakitazama kitambaa kwa jicho la kazi. "Hii inatoka," akamnong'oneza. "Usitoe," Shangazi akamwambia, na akaingia nayo kanisani hivyo hivyo.

Mama alilisugua birika kwa jivu, kwa mchanga, kwa jivu tena. Harufu ilikaa mwezi mzima. Kibarua mmoja kule Lindi alimwambia uji wa siku hizi uko na nguvu ya ajabu, akaongeza kikombe cha pili. Mimi niliunywa kila asubuhi, ndiyo maana hadi leo fundi akifungua kopo natafuta kikombe. Kizibo cha ubavuni sijui kilifunguliwa na nani, au kama kilifunguliwa.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kuchekesha watu: fundi mkubwa aliyesahau somo lake mwenyewe, na mkewe muuza uji akamwokoa. Baba aliisikia mara nyingi akacheka pamoja nasi, hakukanusha.

Kisha mwaka jana binti yangu wa pekee alipata kazi Kisumu. Asubuhi ya safari, basi likiwa la saa tatu, niliamka alfajiri nikafua nguo zake zote, nikazianika. Mvua ikanyesha. Mume wangu alisimama mlangoni akitazama kamba iliyojaa nguo mbichi, akaniuliza ni nani anayefua siku ya safari. Nikafungua mdomo nimwambie nimesahau, nikaona Alhamisi ile Baba alipochoka, na Ijumaa ile ya manyunyu ambayo sikumbuki kama yalinyesha. Nikakumbuka kidole cha Baba Achieng kikitoka kikavu, akituonyesha sote mmoja mmoja.

Niliketi pale kitandani nikalia, nikacheka, nikalia. Baba amelala Bungoma sasa, siwezi kumwomba radhi kwa vile vicheko vyote. Alisema mafuta yamemwingia machoni, na sisi sote tulimwamini, wakati giaboksi ile haikuwa na tone hata moja.