Aliyekuwa Mbele ya Mwenye Mpira

Nanasi likipitiliza kuiva hunuka pombe. Harufu hiyo, ikichanganyika na moshi wa dizeli na magunia yaliyolowa umande, ndiyo Kiwangwa ninayoijua mimi. Kila mvua za vuli zilipokaribia kwisha, lori lilikuja mpaka ukingoni mwa shamba la Baba, na kwa kuwa halikuweza kuingia ndani bila kukwama, watu wazima na watoto tulipangwa mstari kutoka shambani hadi barabarani, tukarushiana mananasi mkono kwa mkono. Tulijifunga vipande vya gunia viganjani, maana majani ya nanasi yana miiba isiyo na adabu. Aliyeangusha alichekwa mpaka jioni. Kaka yangu Anselmi alisimama juu ya lori kwa sababu alikuwa mwepesi na aliweza kudaka bila hata kutazama. Mimi nilisimama mwisho wa mstari, pale pa kurusha juu, kwa sababu nilikuwa na nguvu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne mwenye mabega ya mpagazi, na watoto wenzangu waliniita Tekla Gunia. Nilicheka nao, lakini moyoni sikucheka.

Ni hapo barabarani alipotuona Bwana Goti. Alikuwa Mmarekani wa makamo, pande la mtu, aliyeletwa na misheni kutengeneza pampu za maji vijijini. Jina lake hasa lilikuwa Rei, lakini goti lake la kulia lilikataa kukunjika, akitembea aliuzungusha mguu ule kama mtu anayefungua geti, na majirani zetu Wakwere hawakuhitaji hata wiki kumpa jina jipya. Kiswahili chake kilikuwa balaa. Ukimwamkia "shikamoo" alikujibu "shikamoo na wewe", hata kama una miaka mitano. Siku ile alisimama kando ya lori, spana mkononi, akatutazama tukirushiana mananasi mpaka lori likajaa, machozi ya kicheko yakimtoka. Kesho yake alirudi na kitu alichokizungushia taulo. Ulikuwa mpira wa ngozi, umechongoka huku na huku, umezeeka na kupasukapasuka. Anselmi akasema hilo ni nanasi lililonyolewa, na tangu hapo mpira ule ukaitwa nanasi.

Mchezo wenyewe aliturahisishia. Timu moja inao mpira, inataka kuufikisha nyuma ya mstari wa wenzao, na unaruhusiwa kuubeba kwapani ukakimbia nao. Kazi ya wengine ni kumfungulia njia mwenye mpira, kwa kusukuma yeyote anayekuja kumkamata. Anselmi alipewa kukimbia. Kisha Bwana Goti akatupitia mmoja mmoja, akafika kwangu, akanishika mabega kwa mikono miwili na kupaza sauti, "Huyu! Huyu dhahabu!" Wasichana wenzangu wakaziba midomo kwa kanga. Mimi sikujali. Mwili uliokuwa aibu yangu kisimani na kanisani mtu mzima alikuwa ameusifia mbele ya kijiji. Nilisukuma wavulana jioni zote za msimu ule, nikarudi nyumbani na matope mpaka masikioni, na sabuni yenyewe enzi hizo ilikuwa ya kupanga foleni, kwa hiyo Mama alinipokea kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Habari za maisha yake nilizipata kidogo kidogo, nikimshikia spana pampu ya zahanati ilipoharibika. Alizaliwa shambani kama sisi, katika nchi ya mahindi na theluji. Vita kuu ilipokwisha, chuo kimoja kilimchukua asome bure, si kwa akili zake, alisema huku akijipiga kifua, bali kwa uzito wake. Huko mpira ule ni kama dini. Uwanja ulijaa watu wengi kuliko aliowahi kuwaona maishani, na wote walikuja kumtazama rafiki yake. Rafiki huyo alikuwa kijana mzuri wa sura, mwenye mbio, ambaye Rei alilala naye chumba kimoja na kula naye sahani moja. Rafiki alibeba mpira, Rei akatangulia kumfungulia njia. Magazeti yaliandika jina moja tu. Timu ya wachezaji wa kulipwa ilipomtaka rafiki, yeye akasema haendi bila Rei, na kweli wakaenda wote. Hapo Bwana Goti aliacha spana akanyoosha mikono, akanisimulia treni za usiku kucha, viwanja vyenye taa, na barafu iliyoganda kwenye kope za macho. Misimu yote hiyo, chuoni na kwenye kulipwa, hakuwahi kuubeba mpira wakati wa mechi. "Mimi hapana shika," alisema. "Mimi sukuma."

Siku moja ya theluji mtu alichomoka pembeni kumvamia rafiki, na Rei akajitia kati. Goti likaenda upande ambao goti haliendi. Alikuwa amelala kifudifudi aliposikia watu wakishangilia, akajua kwamba rafiki amefika. Timu haikumhitaji tena. Rafiki alikuja hospitali mara moja, na maua. Miaka ikapita, rafiki akafanyiwa karamu kubwa ya heshima, na Rei alialikwa, akapangiwa meza ya karibu na mlango wa jikoni. Rafiki akasimama akamshukuru mwalimu wa timu, akamshukuru mama yake, mkewe, na Mungu. "Mimi ngoja," Bwana Goti aliniambia. "Mimi nasema, sasa taja mimi. Yeye kaa chini." Akainamia pampu tena, akaikaza nati iliyokwisha kukazwa. Nilimuuliza kama alimchukia. Alisema hapana, ila siku ile aliamua kwenda mbali. Kisha akanielekeza spana puani. "Tekla, siku moja shika mpira wewe." Nilicheka. Kushika mpira ilikuwa kazi ya Anselmi.

Sikukuu ya parokia ilipofika tulicheza na vijana wa misheni ya Bagamoyo mjini, waliokuja na viatu. Sisi tulikuwa pekupeku. Karibu na mwisho Anselmi alipewa nanasi, nami nikatangulia. Mbele yangu alisimama kijana wa Dunda, mtaa wa mjini humo, mrefu, mwenye viwiko. Sikumkwepa. Niliingia kifuani mwake kwa bega, kiwiko chake kikanipata mdomoni, tukaanguka pamoja, na miguu ya kaka yangu ikapita karibu na sikio langu. Niliposikia vigelegele nilijua amefika. Walimbeba juujuu, wakamzungusha uwanja mzima. Mimi nilikuwa bado chini natafuta kipande cha jino langu kwenye matope, na aliyenijia alikuwa Bwana Goti peke yake, akishukia goti lake zima na kunifuta damu kwa shati lake. "Mimi naona," alisema. "Mimi naona wewe." Jino lile lina pengo mpaka leo.

Anselmi alinizidi mwaka mmoja, lakini alirudia darasa, kwa hiyo tulimaliza la saba pamoja. Nafasi za sekondari zilikuwa adimu kama wali wa daku, na majina ya serikali yalipotoka hatukuwemo. Ndipo padri akamwambia Baba kwamba shule ya misheni inaweza kumpokea mtoto mmoja wa nyumba yetu, mmoja tu. Baba yangu alikuwa Mngoni aliyekuja pwani kukata mkonge akaishia kulima, mtu wa maneno machache na haki. Alituita asubuhi, akasema amefikiri sana, aende Tekla, kwa kuwa Tekla ndiye mwenye kichwa cha masomo. Nilitamani kuruka. Anselmi alinifuata shambani, macho mekundu, akanisimamisha kati ya mananasi.

"Mdogo wangu, nipishe," alisema. "Nifungulie njia kama siku ile. Nikishapita nakurudia, nakusomesha mimi mwenyewe. Haki ya Mungu, Tekla, sitakuacha."

Nilikwenda kwa Baba nikasema sitaki shule. Alinitazama kitambo. "Umesema mwenyewe, au umesemewa?" Nikajibu nimesema mwenyewe. Baba akavaa kofia yake akaenda kumwambia padri, na njia yangu ikaishia hapo.

Bwana Goti aliondoka mwezi uleule, kwa sababu moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua. Kijiji kilimpa kuku na mkeka. Alipotoa nanasi kwenye taulo, mimi nilikuwa nimekwisha kufuta mikono yangu kwenye kanga. Akampa Anselmi. "Kwa mwanafunzi," alisema, na watu wakapiga makofi. Mimi alinipa mkono, akanishukuru. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi kuliko alivyoishi baadaye, maana tulisikia alifariki kabla ya mwaka kuisha. Kama kuna mtu duniani aliyejua maumivu ya kukaa karibu na mlango wa jikoni, ni yeye, na hata yeye, ulipofika wakati wa kutoa mpira, mikono yake ilimwendea mkimbiaji. Nilimpenda sana yule mzee. Sijamsamehe.

Kaka aliniandikia muhula wa kwanza, kisha kimya. Ahadi ni deni, lakini mdai akiwa mdogo wako ni rahisi kumpiga kalenda. Alipomaliza kidato cha nne alisema ningoje apate kazi. Alipopata kazi ofisini Dar es Salaam alisema ningoje apate nyumba. Alipopata nyumba alikuja Krismasi kutusalimu, nami nilikuwa nimefunga begi langu tayari, nimesikia huko mjini kuna madarasa ya jioni kwa wakubwa. Nilimkumbusha mbele ya wageni, kwa sauti ya chini na ya heshima. Akacheka. "Shule ya nini tena, Tekla? Wewe si una mchumba?" Ukumbi mzima ukacheka naye, ila Baba. Baba alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya kofia, na mimi nikatazama chini. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nguo hiyo nilikuwa nimeivaa mwenyewe.

Niliolewa na mtu mwema, nikahamia Dunda, nikafungua genge la matunda. Sikufa njaa. Watoto wangu wamesoma. Lakini kila nikiona mwanamke wa rika langu anashuka kwenye gari la ofisi na mafaili kwapani, nasikia wivu, na sioni sababu ya kuuficha.

Mwaka huu Anselmi amestaafu, akafanya sherehe ya shukrani kwenye bustani ya hoteli moja ya Bagamoyo. Matarumbeta, maturubai meupe, na mananasi niliyoyamenya mimi tangu alfajiri. Nilipangiwa meza ya mwisho na mjukuu wangu Neema, na nilipogeuka nikaona nyuma yetu kuna mlango wa jikoni, nilimkumbuka mzee wa watu. Kaka akasimama. Akamshukuru Mungu, mkewe, mapadri, walimu, mabosi wake. Akamshukuru marehemu Bwana Goti, Mmarekani aliyewahi kuwa mchezaji mkubwa kwao. Akaunyanyua mpira uliokuwa umepambwa kwa maua meza kuu, akawasimulia ile sikukuu ya parokia. "Nilikimbia uwanja mzima," alisema, "na hakuna aliyenigusa!" Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nangoja. Nilijiambia, sasa atanitaja. Akakaa chini.

"Bibi," Neema akaninong'oneza, "kwa nini hawakumgusa?"

"Kwa sababu mimi nilikuwa mbele yake."

Mtoto alitazama pengo la jino langu. Matarumbeta yakaanza, watu wakanyanyuka kwenda kumtunza, kila mmoja akicheza na zawadi yake mkononi. Nami nikanyanyuka. Mshereheshaji aliniona nikikata kiuno kwa mwendo wa taratibu, akapaza sauti, "Dada mtu huyo! Anakuja kumtunza kaka yake!" Nikacheza mpaka meza kuu. Anselmi akatabasamu, akanyoosha mikono apokee. Nikauchukua mpira pale kwenye maua, nikautia kwapani, nikageuka, nikacheza njia nzima ya kurudi, nikamshika Neema mkono, tukatoka kutafuta bajaji. Hakuna aliyenigusa.

Siku hizi lori linaingia hadi shambani Kiwangwa, na mananasi hupangwa kwenye matenga. Hakuna anayemrushia mwenzake, na watoto wa huko hawajui kudaka. Mpira nimeuweka gengeni kwangu, juu ya kreti. Hauna upepo, ni mwepesi kuliko nilivyodhani miaka yote hiyo. Asubuhi baada ya ile sherehe Anselmi alinipigia simu. Salamu hakutoa. "Tekla, mpira wangu uko wapi?" Nikamwambia, njoo uuchukue, kaka, Dunda unapajua, ila safari hii huna wa kukufungulia njia. Akakata. Ningekuwa na miaka kumi na minne, ningeupaka mafuta, nikaufunga kwenye taulo safi, nikampelekea mwenyewe. Sasa nauza matunda yangu na kungoja. Akija atauona tangu barabarani, maana sikuuficha, na mbele yake nimekaa mimi.