Kadi ya Chama Kipi

Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi aliigeuza kadi yangu mbele na nyuma, akaiinua ili kikao kizima kiione, kisha akacheka.

"Ndugu mpishi, hii ni kadi ya Chama. Sisi tunataka kadi ya chama."

"Si ndiyo hiyo?" nikasema.

Hapo wakacheka wote, hata tarishi aliyesimama mlangoni na sinia la chai. Msimamizi wa kambi, ambaye ndiye aliyenifukuza kazi, alijifuta machozi kwa leso. Katibu akanisukumia kadi yangu mezani, akamgeukia mwenyekiti wa kikao. "Huyu si mwanachama wetu. Siwezi kumsemea." Jalada likafungwa. Nikatoka katika ofisi ile ya Lindi sina kazi, na miaka minane ya kupika imekwenda na maji.

Mimi mtu wa Kikole, elimu yangu darasa la nne. Niliajiriwa na serikali nikiwa msichana, kuwapikia watengeneza barabara katika kambi moja si mbali na Mingoyo. Ugali wa watu thelathini, mwiko mrefu kama kasia. Mwezi wa kwanza kupokea mshahara nikakuta umepunguzwa, na kwenye karatasi pameandikwa herufi mbili: CH.

Nikamwendea karani wa mishahara. "Bwana karani, hii CH ni chumvi au chai? Maana mpishi ni mimi, na sijakopa jikoni kwangu."

"Chama, dada. Kila mtumishi anakatwa."

"Nimetia saini wapi?"

"Hutii saini. Sheria imekusainia."

"Haya, na kadi je?"

"Kadi?" Hakuinua hata uso. "Muone balozi wako wa nyumba kumi."

Nikaenda. Balozi akanipa kadi, nikailipia, nikaifunga kwenye upindo wa kanga. Siku zile ukisema chama bila kuongeza neno, kilikuwa kimoja tu, kile cha siasa, cha redioni na cha mikutano ya kijiji. Ningejuaje kwamba CH ni kingine, cha wafanyakazi? Karani alijua. Alivijua vyote viwili, akanielekeza kwenye kile kisichokuwa cha kazini kwa sababu alikuwa na haraka ya kwenda kula. Na chakula chenyewe nimempikia mimi!

Kila mwezi nikiiona CH, moyo wangu ulitulia. Nilikuwa nikijiambia, wananikata, basi wananijua.

Ndipo likaja la shamba. Msimamizi alikuwa na mikorosho yake, na palizi ilipofika akawatoa wanaume kumi barabarani wakamlimie. Akaniamuru nihamishie masufuria huko, pamoja na unga wa serikali.

"Ni shamba la ujamaa, mama," akasema mbele ya watu.

"La ujamaa? Korosho zikiokotwa tutagawana mimi na wewe?"

Wanaume wakainamia majembe wasionekane wanacheka. Mmoja akanong'ona, "Dada, leo umekoroga zaidi ya uji."

Sikwenda. Nilibaki kambini, nikawapikia waliokuwa barabarani. Kesho yake nikapewa barua: nimefukuzwa kwa kuacha kituo cha kazi. Mimi niliyebaki kituoni! Walioacha kituo walikuwa shambani kwake.

Wenzangu wakaniambia mtumishi akifukuzwa, chama chake humsemea kwenye kikao. Kwa hiyo nilipanda gari kwenda Lindi sina hofu hata chembe. Kadi ninayo. Lililotokea nimekwishalisema.

Nilimfuata katibu mpaka nje kwenye ngazi. "Kama si mwanachama, mbona mnanikata?"

"Kukatwa ni kwa sheria, dada. Uanachama ni kwa fomu. Hukujaza fomu."

"Nani aliniambia kuna fomu?"

"Ungeuliza."

Niliuliza! Nikamwambia hivyo kwa sauti iliyowatoa makarani madirishani. Akapanda gari la ofisi, akaenda zake.

Tangu hapo nauza vitumbua njia panda ya Mingoyo, na watoto wangu watatu wamekulia katika moshi huo. Watu huniambia nisamehe, mambo ya zamani. Sisamehi. Majina nayaacha, vyeo vinatosha: karani aliyekwepa swali langu, msimamizi aliyefanya wafanyakazi wa umma kuwa vibarua wake, na katibu aliyekalia kiti kilichonunuliwa kwa CH yangu. Nyuma yao wapo waliotunga sheria, wakaona kunikata hakuhitaji mkono wangu, ila kunisemea kunahitaji fomu.

Katibu yu hai. Amestaafu, na mara kwa mara hushuka basi hapa njia panda, akavuka upande wa pili wa barabara asinipite karibu. Avuke arudi huku. Vitumbua nitampa bure. Akae kwenye benchi langu, mbele ya wateja wangu, anijibu swali moja tu, na asiniambie habari za fomu: miaka ile minane mliyonikata kila mwezi, mlikuwa mnamkata nani?