Redio ya Mama Lavonne

Mama mkwe wangu, Lavonne Haugen, hakuwa msemaji. Nalisema hilo mapema, maana ukimuuliza yeyote aliyepanda gari lao miaka hii ya mwisho atakuapia kwamba yule mama mdomo wake ni cherehani. Uongo mtupu. Mimi nimeolewa katika ukoo ule mwaka wa kumi na tisa huu, na hapo mwanzo nilidhani hanipendi. Tungeweza kumenya viazi kapu zima asitoe neno. Mume wangu, Kent, akaniambia, "Hawa, usijitie presha. Mama akikuongeza kijiko cha pili, hiyo ndiyo hotuba yake."

Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huku Wisconsin, akaolewa shamba la jirani. Mchana alipika katika jiko la shule ya wilaya, na watoto aliowalisha leo wana wajukuu. Jioni alikuwa macho ya nyuma ya mumewe. Mzee Duane akirudisha trekta na tela la majani makavu ghalani, Lavonne husimama kando ya mlango akimwonyesha kwa mikono: kushoto, kushoto kidogo, basi hapo. Duane hageuki hata siku moja. Anatazama mikono ya mkewe kwenye kioo, tela linaingia.

Walipouza ng'ombe wakanunua gari-nyumba, lile refu lenye kitanda nyuma, jiko katikati na meza ya kulia chakula yenye viti vya mikanda. Mchezo ukawa uleule. Ukiingia kambi yoyote ya magari hayo utawakuta wazee wa namna hiyo, mume kwenye usukani, mke nyuma anapunga mikono, na nusu yao wanatukanana mbele za watu. Hawa wawili hawakuwahi kutukanana. Gari linaingia mara moja tu, majirani wanabaki kutikisa vichwa.

Kila Oktoba, majani yakianza kugeuka rangi, tunapanda sote kwenda kaskazini kwenye ziwa kubwa: wazee wawili, Kent, mimi, binti yetu Maren na mdogo wake Nils. Tunakula mikate ya mayai, tunakunywa ile kahawa yao nyepesi inayokuonyesha kitako cha kikombe, tunatazama miti. Ndiyo raha ya watu wa huku, na mimi nilishaizoea hadi vuli bila safari naiona kama Idi bila biriani.

Sasa, misimu mitatu nyuma, yule mama asiyesema akaanza kusema. Na akianza haachi! Anakaa kiti cha mbele, amejifunga mkanda, macho barabarani.

"Taa nyekundu mbele, Mzee. Bado nyekundu. Bado. Haya, kijani. Lori la magogo linakuja. Limepita. Kona ya kushoto, pana. Miti ya mimepo upande wako imekuwa myekundu mitupu, na huo mmoja nyuma yake njano ya kiini cha yai."

Hata kule kambini aliacha kupunga mikono, akawa anasimama chini ya dirisha la Duane na kupayuka, kushoto, kushoto, simama. Niliona ni uzee, umemfungua mdomo uliofungwa miaka sabini. Nils akaona ni kichekesho.

"Redio ya Bibi imewaka!" anapiga kelele kila tukitia ufunguo.

Duane anacheka. "Iache iimbe, mjukuu wangu. Redio hii haina matangazo ya biashara."

Mimi kichwa kilikuwa kinaniuma, sifichi. Lakini ni mama mkwe, utamwambia nini? Aliyemwambia ni mwanawe.

Ilikuwa asubuhi, tumetoka kambini kwenda kuona maporomoko ya maji. Kent hakulala vizuri, kaamka na nyongo. Tukaenda maili chache tu akasema, "Mama, nakuomba. Baba ana miaka hamsini barabarani, wewe unamsomea taa kama mtoto wa kujifunza. Njoo nyuma ucheze karata na watoto. Hawa akae mbele."

"Mimi hapa niko sawa," Lavonne akasema.

"Unamchosha, Mama."

"Simchoshi." Akamgeukia mumewe. "Duane?"

Nikashtuka kidogo, maana hao huitana Mzee na Mama tu, jina nilikuwa sijalisikia kinywani mwake. Duane alisogeza gari kando, akasimama, uso wake mbele vilevile.

"Nenda, Mama. Barabara hii naijua hata usingizini."

"Duane."

"Nenda, nimesema. Mtoto anataka kucheza karata na bibi yake."

Akafungua mkanda polepole, kama mtu anayevua pete iliyobana. Tulipopishana pale katikati mkono wake ulikuwa barafu. Nikajisemea, kumbe kakasirika, atapoa.

Nikakaa mbele. Raha ilioje! Jua la vuli linachungulia kwenye miti, barabara tupu, kimya. Kule nyuma nilimsikia anauliza, "Mzee, tumeshafika kwenye kona ya kanisa?" na Nils anamkemea, "Bibi, cheza! Zamu yako!" Duane aliendesha taratibu kuliko kawaida, amebanana na mstari mweupe wa kando. Nikamimina kahawa.

"Baba, leo umepumua, sivyo?"

Nikaona jasho linamtiririka kutoka kwenye kipara, na huko nje baridi ya kuvaa koti.

"Unasikia joto?"

"Kidogo."

Tukapinda kona, na basi la shule hilo mbele, upande wa pili wa barabara. La njano, limesimama, taa zake nyekundu zinawaka na kuzima, kibao cha kusimamisha magari kimetoka ubavuni. Huku kwetu basi la shule likiwasha taa zile hata mlevi husimama, anayekuja na anayefuata. Watoto walikuwa wanavuka. Wawili walishafika kwenye basi, na wa mwisho, msichana mdogo wa koti jekundu, alikuwa ndiyo kwanza anaingia barabarani.

Nikasubiri Duane akanyage breki. Hakukanyaga. Nikamtazama. Anatazama mbele, ametulia tuli, kama anatazama shamba lake.

"Yarabi!" nikapiga ukelele. "Baba! Baba!"

Akanigeukia mimi! Mguu bado kwenye mafuta, uso wote kwangu, "Nini? Nini, Hawa?"

Ulimi ulinikauka. Nilinyoosha kidole mbele, nikanyoosha kwa mtu ambaye, ole wangu, kidole chenyewe hakioni. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya bega langu, wala si ya kupayuka.

"Basi la shule. Simama, Mzee. Simama sasa."

Hakuuliza. Alikanyaga breki kabla mkewe hajamaliza kusema. Gari zima likalia, makabati yakafunguka, sufuria zikatuvamia, kahawa ikanimwagikia mapajani na Lavonne, aliyekuwa amesimama na karata mkononi, akarushwa hadi sakafuni kwa magoti. Watoto wangu walikuwa wamefungwa mikanda pale mezani. Mungu ana wake.

Yule msichana alikuwa amesimama mbele ya pua ya gari letu, katikati kabisa ya kioo, mdomo wazi, ameshika mkanda wa mkoba wake. Niliviona vifungo vya koti lake kimoja kimoja. Duane akainama juu ya usukani, akageuza kichwa upande upande kama kuku anayetafuta punje, akasema kwa sauti ndogo:

"Mama, kuna mtu mbele?"

Jamani. Mimi nimewahi kupigiwa simu za misiba, nimewahi kuona moto unakula nyumba. Sijawahi kufa ganzi kama siku ile. Mtu anatuendesha na wanetu, miaka mitatu, mamia ya maili, halafu anauliza kama kuna mtu! Nikamtazama Kent, Kent amekuwa mweupe kama unga. Maren ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Kuna mtoto, Mzee," Lavonne akajibu kutoka sakafuni. "Hajaguswa. Anavuka. Amefika."

Dereva wa basi, mama mmoja mnene, alishusha dirisha akatupigia kelele. "We mzee! Kipofu wewe?"



Tulisogea hadi kwenye kokoto za kando ya barabara, Lavonne akimwelekeza neno kwa neno, na safari hii hakuna aliyecheka. Injini ikazimwa. Kent akauliza, "Tangu lini?"

Duane alikuwa anafuta usukani kwa kiganja. Aliyesema ni mkewe, magoti yake yanavuja damu.

"Jicho limeliwa katikati. Yote mawili. Pembeni anaona, mstari mweupe anauona. Kilicho mbele yake ndicho hakioni. Daktari alimwambia aache."

"Daktari hanijui mimi," Duane akasema.

"Ukanyamaza, Mama?" Kent akainuka kitini. "Ukanyamaza?"

"Gerald, kaka wa baba yako, aliuza gari lake wakati wa theluji," Lavonne akasema. "Akakaa dirishani. Mahindi hayajavunwa tukamzika. Unakumbuka, Kent, wewe ulibeba jeneza. Baba yako alirudi nyumbani siku ile akaniambia, Mama, usiniweke dirishani. Nikamwambia sitakuweka."

Mimi nilikuwa nachemka. Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata, lakini mtungi huu ulikuwa na wanangu ndani!

"Na hawa je?" nikafoka, nikawaonyesha Maren na Nils. Sijawahi kumfokea mama mkwe, na siku ile sikujali. "Hawa mliwaweka wapi? Mficha maradhi kifo humuumbua, mama, sasa nyinyi mlitaka kifo kiwaumbue kwa wanangu?"

"Sikuwahi kusinzia njiani, Hawa. Sikuwahi kunyamaza hata kona moja."

"Leo umenyamaza!"

"Leo mmeninyamazisha."

Lo! Nikachukua kitambaa, nikafuta kahawa mapajani.

"Ungesema," Kent akanong'ona. "Pale nilipokuambia njoo nyuma, ungesema."

"Niseme mbele ya wajukuu wake? Niseme nikiwa nimekaa kiti cha mbele, yeye ananisikia?" Hapo ndipo akavunjika. Alijifunika uso, mabega yakamtikisika. "Nilijua si haki. Kila asubuhi nilisema leo ndiyo mwisho. Mimi nimelisha watoto wa shule maisha yangu yote, Kent. Yule wa koti jekundu... mimi ningemuua yule."

Nils, ambaye hakuwa ameelewa nusu ya mambo, aliteremka kwenye kiti chake akaenda kuokota karata zilizotawanyika. "Babu," akauliza, "majani je? Majani unayaona?"

Mzee akafikiri kidogo.

"Sijayaona tangu ule mwaka uliong'oka meno ya mbele. Bibi yako ndiye ananiambia. Nayajua yote, ya mwaka juzi, ya mwaka jana. Ya asubuhi hii sijaambiwa."

Sijui nielezeje. Hasira niliyokuwa nayo haikuondoka, ilikaa palepale kifuani, ila kitu kingine kikaja kikakaa pembeni yake. Miaka mitatu tunaicheka redio, kumbe redio ndiyo iliyokuwa inaendesha gari.

Duane akachomoa ufunguo. Kent alinyoosha mkono aupokee, mzee akampita. Alipapasa hewani hadi akaupata mkono wa mkewe, akauweka ufunguo pale, akavifunga vidole vya mkewe juu yake. "Basi, Mama," akasema. "Umenifikisha mbali." Kisha akainuka kwenye kile kiti alichokalia tangu siku walipolinunua gari lile, akashika ukuta, akaenda kukaa kwenye benchi nyuma yangu.

Kent alikuwa amejiinamia, hafai kuendesha. Lavonne akanipa ufunguo mimi, ambaye huendesha gari la mikate kila alfajiri mjini kwetu. Akaketi kiti chake cha mbele, nikawasha, nikageuza gari kuelekea nyumbani, maporomoko hakuna aliyeyakumbuka.

Tulikwenda hivyo muda mrefu. Nyuma hakuna anayecheza, hakuna anayetania. Nilikuwa nimeshika usukani kwa nguvu hadi vidole vinauma, na kila koti jekundu la mti kando ya barabara lilinirusha roho. Tukakaribia daraja.

"Kona ya kulia inakuja," Lavonne akasema. "Ndefu. Halafu daraja dogo."

Damu ikanipanda. Baada ya yote haya, anaanza tena? Mimi nina macho! Nikafungua mdomo nimpe vidonge vyake, na katika kufungua huko nikatupa jicho kwenye kioo cha juu.

Duane alikuwa amefumba macho kwenye benchi. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya magoti, imeshika usukani usiokuwapo, nayo inapinda kulia, taratibu, ndefu, sawasawa na kona. Tulipofika darajani akainua mguu wa kulia sakafuni akapunguza mwendo.

"Chini kuna mto," Lavonne akaendelea, macho yake mbele, hajageuka hata kidogo. "Maji meusi. Mimepo mitatu ukingoni, Mzee, miwili myekundu, na wa tatu ndiyo kwanza unaanza."

Nikafunga mdomo, nikapunguza mwendo nami.