Alisifiwa kwa Kulia

Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni ya tiketi, stendi ya Tunduma. Mbele yangu walisimama mama mmoja na binti yake anayesoma chuo kikuu. Binti hakutaka kurudi chuoni.

"Somo la mawasiliano ni la lazima, mama, na ni kuigiza tu. Leo muuguzi, kesho mgonjwa. Safari hii nilipangiwa niwe mfiwa, mwenzangu anifariji."

Mama akageuka. "Na udongo wa kaburi la kaka yako haujakauka?"

"Nililia kweli. Darasa likapiga makofi. Mwalimu akasema nimeigiza vizuri kuliko wote."

"Ukamjibuje?"

"Nilisema asante."

Mama alimfuta machozi kwa ncha ya kitenge, mbele yetu sote. Mkatisha tiketi akaweka kalamu chini. "Pole sana, dada." Foleni nzima ikaitikia pole. Binti akavuta pumzi, akataja anakokwenda.

Sina ugomvi na maigizo; hata misibani kwetu wapo wanaoigiza vizuri sana. Lakini anayefundisha kufariji angeanza kwa kuuliza darasani nani ametoka kuzika.