Sufi ya mashine

Kwa masikitiko makubwa natangaza: leo asubuhi kanzu moja imegoma kukauka.

Msicheke. Ni kanzu ya harusi ya binamu yangu Saidi, dobi wa mzungu mmoja wa kambi ya mradi wa kulima karanga hapa Nachingwea. Ndoa inafungwa leo baada ya adhuhuri, kule Naipingo.

Mzungu yuko safarini, basi Saidi akaitia kanzu yake kwenye mashine ya kukaushia nguo. Pipa linazunguka, joto lipo, kanzu majimaji!

Akaniita, maana mimi hujifanya fundi. Nikachomoa waya wa umeme, nikafungua chujio la hewa. Limejaa nyuzinyuzi za nguo, zimeshindiliwa kama korosho guniani.

"Saidi, hii nini?"

"Sufi yake, kaka. Kila ikichomoka naishindilia. Kwani mto wako ukitoka sufi, huirudishi?"



Nikaing'oa yote. Hewa ikapita, kanzu ikatoka kavu, ina joto kama mkate. Bwana harusi akaivaa palepale, akatoka mbio.

Naipingo anakwenda kwa miguu, na mvua haijakatika tangu jana.