Mchoraji na Jogoo Wetu

Juzi mjukuu wangu alinifungulia kitabu cha zamani cha mashairi ya watoto, nikacheka mpaka miwani ikaanguka.

Mtunzi wake alikuwa rafiki ya baba, na picha alizichora mwenyewe. Alasiri moja alitutembelea kwenye shamba la mzungu tulikoishi nje ya Nakuru, hewa yote ikinuka maua ya pareto. Alikaa uani akamchora jogoo wetu huku akimwimbia beti za kuchekesha, kisha akaingia ndani kunywa chai. Punde jogoo hakuonekana tena, na jikoni kukanukia mchuzi. Mgeni huchinjiwa kuku. Kila mtu alilijua hilo isipokuwa mimi. Mimi nilielewa kwamba ukichorwa, unapikwa.

Mgeni alipomaliza kula, alifuta mdomo, akashika penseli.

“Haya, kasichana, simama hapo. Sasa ni zamu yako.”

Nilipiga nduru, nikatimua mbio hadi katikati ya pareto.

“Huyu mtoto ana nini?” mama akashangaa.

“Mwache,” mgeni alisema, penseli ikienda mbio. “Hivyo hivyo ni mzuri.”

Kwenye kitabu, jogoo yuko mzima, kifua mbele. Nyuma yake kuna msichana asiye na uso: kisogo, gauni, na unyayo mmoja hewani.

“Shosho, huyu anakimbia nini?” mjukuu aliniuliza.

“Sufuria,” nikamjibu.