Ukurasa Uliomkana Khadra

Khadra alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Garissa, lakini moyo wake ulikuwa kwenye blogu yake ya ngamia. Kila likizo alikwenda Habaswein kwa Raho, shangazi yake mfugaji, akamsikiliza akieleza upele, kikohozi na ngamia waliokataa kunyonyesha. Akirudi, aliyaandika.

Ndani ya kila makala alificha lebo ambazo msomaji hazioni: nani kaandika, nani kasimulia, habari ni za wapi, ugonjwa ni upi.

"Mashine ya kutafutia mtandaoni haisomi kama sisi," alimweleza rafiki yake Faiza. "Kwake 'ngamia' ni herufi tu. Lazima uiambie huyu ni mnyama, huu ni ugonjwa, huyu ndiye msemaji. Basi mtu wa Tarbaj akitafuta dawa ya upele, itamleta hapa."

Na kweli iliwaleta. Wafugaji waliuliza maswali, Khadra akayafikisha kwa Raho, majibu yakarudi. Faiza, aliyekaa naye dawati moja tangu utotoni, ndiye pekee aliyepewa neno la siri la blogu, amsaidie wakati wa mitihani.

Kisha wageni wakaanza kupungua, hata maswali yakakauka. Khadra alidhani ni ukame, watu wako mbali na mtandao. Mpaka Raho alipopiga simu.

"Khadra, umeniuza?"

"Nimekuuza vipi, eeddo, shangazi yangu?"

"Nimesikia maneno yangu redioni. Hata mzaha wangu kuhusu yule ngamia dume wa marehemu mume wangu. Wanasema ni utafiti wa Faiza. Mimi sikutajwa, kana kwamba nilishakufa."

Khadra alitafuta makala zake mtandaoni. Zote zilijitokeza kwenye tovuti yenye jina la Faiza; blogu yake haikuonekana popote. Akafungua msimbo uliofichika nyuma ya ukurasa wake mwenyewe. Katikati ya lebo zake palikuwa na mstari asiouandika yeye, ulioziambia mashine kwamba ukurasa huu ni nakala, na makala ya asili iko kwa Faiza. Akafungua makala nyingine, na nyingine. Kote ni vilevile. Kuibiwa angekustahimili, lakini hapa ukurasa wake mwenyewe ulikuwa ukimtolea ushahidi wa uongo.

Alimkuta Faiza ofisini kwake.

"Abaayo, dada yangu, kaa kwanza."

"Ule mstari umeuweka wewe?"

Faiza hakukana. "Wewe ungebaki na wafugaji wako tu. Mimi maneno haya nimeyafikisha mbali."

"Na jina la Raho?"

"Nani huko anamjua Raho?"

"Walimjua wote waliosoma kwangu," Khadra alisema, akatoka bila kuaga.

Alibadilisha neno la siri, akafuta ule mstari ukurasa kwa ukurasa. Mashine hazikuharakisha kumwamini; kwa muda mrefu jina la Faiza liliendelea kutangulia, kisha makala za Khadra zikaanza kurejea mojamoja.

Likizo ilipofika alikwenda Habaswein, akamweleza shangazi yake yote. Raho alisikiliza, akammiminia chai ya maziwa, akamuuliza habari za shule na za mvua. Khadra alipomtajia kikohozi cha ndama, kilichokuwa kimeulizwa tena na wafugaji, Raho aliliweka birika chini.

"Hayo muulize daktari wa mifugo, mwanangu," alisema. "Mimi nimesahau."